Usiwe Athumani Wetu

Nasra, mke mwenzangu,

Sikuulizi hali. Asubuhi tumekunywa chai meza moja na hukuniangalia usoni, kwa hiyo hali yako naijua na yangu unaijua. Nimekaa kwenye hivi viti vigumu vya kituo cha kusafisha damu. Mama yako yuko ndani, kafungwa kwenye mashine yake, na Sudi yuko hapa ubavuni kwangu na zile hedifoni zake kubwa, anatikisa mguu mpaka kiti changu kinatembea. Ukiona mwandiko umepinda, ni mguu wa kaka yako. Ukiona umekosewa, mlaumu mama yako, kwa sababu shule mimi sikuiingia hata siku moja. Herufi alinifundisha yeye jikoni, alipokuwa chuo cha ualimu Tanga. Alinifanya darasa lake la majaribio, nikikosea ananisimamisha pembeni ya jiko, mimi mamake mzazi, na mwiko mkononi.

Kesho unaondoka. Naandika "unaondoka" ingawa juzi umeniambia huendi.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Hayo utajifunza kwa kuumia kama sote. Nataka nikuandikie habari ya pensheni ya mama yako tangu mwanzo, kwa sababu wewe umeisikia vipande vipande kupitia ukutani, sisi tukigombana kwa Kiswahili na mama yako akiongea na ofisi kwa Kiingereza. Mtu akisikia jambo nusu, nusu ya pili huijaza mwenyewe. Wewe umeijaza kwa kujitoa kafara.

Mama yako alifundisha darasa la pili miaka na miaka, mpaka figo zikamgomea akastaafu mapema. Mwalimu wa jimbo huku Marekani akistaafu huwekwa mbele ya uamuzi. Nakueleza kama nilivyoeleweshwa mimi, taratibu. Anaulizwa: unataka pensheni yako nzima, uile mwenyewe maadamu u hai, na siku ukifa ife pamoja nawe? Au unakubali upunguziwe kila mwezi, ili mtu mmoja utakayemwandika jina aendelee kulipwa baada yako mpaka naye afe? Jina ni moja tu. Na ukishapokea malipo ya kwanza, basi, limekauka kama saruji.

Mama yako alitaka kumwandika Sudi. Hilo ulijue. Alilitaka tangu mwanzo, na alikuwa sahihi.

Tulikaa kikao, sisi sebuleni kwenye ile nyumba ya Bowie kabla hatujaiuza, na wenzetu Tanga kwenye simu, simu imeegeshwa kwenye bakuli la tende ili sauti itoke vizuri. Wewe ulikuwa juu chumbani, umefunga mlango na muziki wako.

"Mama," alisema mama yako, "ofisini wameniambia hii ni pesa ya mtu, si ya ukoo."

"Pesa ya mtu ndiyo nini?" nikamuuliza. "Mtu gani huyo hana ukoo?"

Mjomba wako Bakari akadakia kutoka huko Tanga, "Dada, usianze kutusomea Kiingereza."

Tukacheka. Mimi nikasema Sudi hajui hata noti ina pande mbili, pesa ya mtu asiyeijua huliwa na wanaoijua. Nikasema aandikwe kaka yake, Athumani. Yeye ndiye mkubwa. Zitaingia mkononi mwake naye atagawa: Sudi kwanza, kisha wewe, kisha mwenye shida ya mwezi huo. Ndivyo tulivyoishi siku zote, fungu likiingia nyumbani linapitia mkono wa mkubwa, na mkubwa wetu hakuwahi kula peke yake. Kila mtu akaitikia. Aliyesita ni Athumani mwenyewe.

"Mniandike mimi?" alisema. "Mimi nina presha jamani. Mwandikeni mtu mzima wa afya."

Tukamcheka. Nasra, tulimcheka sana. Bakari alimwambia, "Kaka, wewe utatuzika sote," na mimi nikaitikia amina.

Mama yako akaenda ofisini. Alinisimulia kwamba yule mama aliyempokea alimuuliza, "Kaka yako? Tena ni mkubwa kwako?" Akamjibu, "Ndiyo, ndiye mkubwa wetu," kwa fahari kabisa. Yule mama alimtazama kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Nadhani alifikiri ni mambo yetu, na kweli yalikuwa mambo yetu.

Sasa nataka umjue huyo mjomba wako, maana wewe ulimjua kwa sauti ya simu tu, yule anayekuuliza "umekula nini leo" kila Ijumaa.

Babu yako alipokufa, Athumani alikuwa bado anacheza gololi. Mimi nilikuwa ndani ya eda, sitoki. Nikachungulia dirishani nikawaona wazee uani wanamvisha kanzu ya baba yake. Ilimburuza chini hata akaikanyaga, akataka kuanguka. Wazee wakasema, "Sasa wewe ndiye baba wa hapa," naye akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ukimwambia mtoto neno kubwa mbele za watu atakubali tu. Na mimi pale dirishani nilifurahi. Nilikuwa mjane sina kitu, nikasema moyoni, alhamdulillah, nimepata mtu.

Mwaka uliofuata akaacha shule akaenda kukata mkonge. Alikuwa akirudi mikono imechanika, anaiweka kwenye maji ya chumvi, halafu anamuita mama yako, "Rehema, lete daftari nione umeandika nini leo." Hakuwa akiyaelewa yaliyoandikwa, maana mama yako alikuwa keshampita. Alikuwa anaangalia tu kama kurasa zimejaa. Mama yako akasoma, akawa mwalimu, akaja mpaka huku. Ukoo mzima husema Athumani alijitolea. Mimi nilikuwepo. Hakuna mtu aliyemuuliza.

Kwa hiyo usione tulikuwa wajinga tulipomwandika. Mimi niliona ni heshima yake. Niliona mtu aliyetubeba sote, angalau jina lake liandikwe mahali, kwenye karatasi ya serikali ya Marekani, kwamba huyu ni wa kwanza kwetu. Sikufahamu kwamba karatasi ile haikuuliza nani anaheshimiwa. Iliuliza nani ataachwa hana kitu.

Athumani akaanguka kwenye ngazi za msikiti, alfajiri, akafa. Baadaye ndipo mkewe akatuambia kwamba alikuwa akivikata vidonge vyake vya presha nusu kwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi, kwa sababu binti wa Bakari alikuwa anadaiwa ada. Sisi tulioitikia amina ndio tuliomuua, kwa kututunza.

Nikuambie jambo ambalo hata mama yako sijamwambia. Simu ilipokuja nililia mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Lakini kilio hakijaisha nikakisikia kichwa changu kinauliza: na ile pensheni je? Mwanangu wa kwanza kalala chini ya shuka, na mimi nauliza pensheni. Hofu ndivyo inavyofanya, haingoji hata maiti ioshwe.

Mama yako akapiga ofisini. Wakampa pole, tena kwa upole kabisa. Wakamwambia jina halibadilishwi, hata kama mwenye jina kafa. Na kile kinachokatwa kwa ajili yake kitaendelea kukatwa. Kwa hiyo mpaka leo hii, kila mwezi, mama yako anapunguziwa fungu la marehemu, na siku mama yako naye akifumba macho, Mungu apishe mbali, inakatika yote. Sudi hapati hata ya sabuni.

Hapo ndipo mwalimu Carol alipotuletea habari ya muswada. Unamjua, yule wa muziki, mjane, anayekuja na keki kavu na sote tunaisifu. Akasema walimu wastaafu wamechoka, wamepata mbunge wa jimbo wa kuwasemea. Sheria mpya ingesema hivi: mwalimu aliyestaafu, kama yule aliyemwandika amekufa, apewe nafasi ya kuandika mwingine. Nilipoeleweshwa hayo niliinuka nikamkumbatia Carol, keki yake nikaila vipande viwili. Mama yako alianza kulala vizuri. Ulimwona mwenyewe. Alianza hata kukukemea kuhusu vyombo, na mtu anayekemea vyombo ana matumaini.

Siku ya kamati wewe ulikuwa kazini, kwa hiyo niache nikuambie nilichokiona. Alikuwa ametoka kusafishwa damu siku iliyotangulia, miguu haijamrudia. Alivaa lile gauni la kijani na ushungi mweupe. Ukumbi umejaa walimu wazee, fimbo na magongo, wanasalimiana kwa vicheko kama wako mapumziko ya saa nne. Wanapewa dakika chache kila mmoja, na mbele kuna taa inayokuambia uendelee au unyamaze. Mama yako akasema vizuri. Alisema juu ya Sudi, kwamba haongei, kwamba hawezi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kushusha takataka. Hakulia. Kisha mheshimiwa mmoja, mtu mzima mwenye uso wa huruma, simsemi vibaya, akamuuliza swali. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hayo niliyaelewa yote.

"Kaka yako alikuwa anakutegemea wewe kwa maisha yake?"

"Hapana, mheshimiwa," mama yako akajibu. "Sisi ndio tuliokuwa tunamtegemea yeye."

"Sasa kwa nini umwandikie pensheni?"

"Kwa sababu angeigawa."

"Angeigawa kwa nani?"

"Kwa yeyote mwenye shida siku hiyo."

Yule mheshimiwa akatazama karatasi zake, akatazama wenzake. Hakucheka. Ningependa angecheka, ningemchukia nikapumua. Akasema ahsante sana mwalimu kwa utumishi wako, na taa ikawa nyekundu.

Baada ya hapo walikaa wenyewe kwa wenyewe, wakasema muswada ni mpana mno na gharama yake haijulikani. Wakaupunguza. Wakaandika kwamba nafasi ya kubadili ni kwa yule ambaye mwenzi wake wa ndoa amefariki. Mume au mke. Kaka hayumo, dada hayumo, mama hayumo. Na ukapita hivyo, Nasra. Ulipita kwa shangwe. Siku ya kura tulikuwa pale ukumbini nje, walimu wanakumbatiana, wengine wanalia, na mama yako yuko katikati yao anapiga makofi. Alikuwa anawapigia makofi kwa kweli, kwa moyo wake. Wengi ni rafiki zake. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani nimemshika Sudi mkono, naangalia mwanangu anavyoshangilia mlango ambao umefunguliwa kwa wote isipokuwa yeye.

Carol alipogundua, alishika usukani kwa mikono miwili akatuendesha kurudi nyumbani. Yeye ni mjane, yeye amepata. Tulipofika hapa Langley Park wanapochimba njia ya reli, pale magari yanaposimama hayasogei, akaanza kulia, kichwa juu ya usukani.

"Rehema, mwaka kesho tutarudi," akasema. "Tutarudi kwa ajili ya kaka na dada."

"Mwaka kesho, inshallah," mama yako akasema, akampigapiga bega.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Niliuangalia ule mkono uliokuwa ukimpigapiga bega mwenzake, pale panapoingia sindano, palivyovimba kama kamba imefichwa ndani ya ngozi. Sikusema inshallah. Mungu atanisamehe. Neno lilikataa kutoka.

Sasa nije kwako.

Bakari alikupigia simu Jumamosi. Alifikiri nimelala. Nilikuwa nyuma ya mlango, na simu yako husikika kama redio ya kinyozi. Nilimsikia anakuambia, "Sasa wewe ndiye Athumani wetu." Na nilikusikia wewe ukisema, "Okay, Mjomba."

Okay! Neno dogo hilo.

Kesho yake asubuhi ukaja jikoni, nakaanga chapati, ukaniambia, "Bibi, siendi. Nimesha-email chuo."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba nina emergency. Nita-defer, niende mwaka mwingine. Kuna kazi ya ghala, shifti ya usiku, mchana nitakuwa na Sudi."

"Na hizo ndege unazokwenda kusomea zitatengenezwa na nani?"

"Bibi, si mchezo."

"Nani kakufanya baba wa nyumba hii?"

"Nobody," ukasema. "Hakuna mtu mwingine. That's the point."

Na mimi nikakurushia mwiko. Ulikupata begani, unga ukakumwagikia. Sudi akacheka akadhani tunacheza. Ukatoka, hujaongea nami tangu hapo isipokuwa "nipitishie sukari". Ninaomba radhi kwa mwiko. Kwa hasira siombi, maana hasira ile haikuwa yako. Niliposikia umesema "hakuna mtu mwingine", nilimwona mtoto mwenye kanzu inayomburuza, na safari hii sikuwa nyuma ya dirisha, nilikuwa jikoni nimesimama mbele yake, na sehemu yangu moja, mbaya, nzee, ilisema tena: alhamdulillah, nimepata mtu.

Ndiyo. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kwamba unabaki. Hilo ndilo lililonitisha hata nikarusha nilichokuwa nimeshika.

Nasra, naogopa. Sitakudanganya kwamba kuna njia nzuri nimeificha nikikungoja ukue nikuonyeshe. Usiku mama yako akikohoa naamka kusikiliza kama atakohoa tena. Mimi mwenyewe magoti yameisha, Sudi akiamua kutoka mlangoni simuwezi. Juzi kwenye kile kituo cha basi alinivuta mpaka ukingoni mwa barabara, na dereva aliyefunga breki alinitukana kwa Kihispania, na nilimshukuru. Mama yako akienda, ile hela inakwenda. Mimi nikienda baada yake, atabaki yeye na wewe. Mwanamke wa miaka ishirini na miwili na mwanamume mkubwa asiyeongea, katika vyumba viwili, mpaka mmoja wenu azeeke. Ukibaki ndivyo itakavyokuwa. Ukienda, sijui itakavyokuwa. Nimelala na hayo mawili na hakuna lililonipa usingizi. Nimechagua lile nisilolijua.

Kwa sababu lile ninalolijua nimeshaliona mwisho wake. Tulichukua watu wote tukawapandisha juu ya mgongo wa mtu mmoja, tukauita huo mgongo heshima, na siku ulipovunjika tuliangukia chini sote kwa pamoja. Na tulichojifunza ni nini? Kutafuta mgongo mwingine. Bakari si mtu mbaya. Anaogopa kama mimi, na anafanya nilivyofanya mimi.

Nimekwisha kumpigia yule dada wa ustawi wa jamii wa kaunti. Unamkumbuka, yule mrefu. Alikuja kwetu mara kadhaa kutueleza habari za nyumba wanazokaa watu kama Sudi, watatu au wanne pamoja, na watunzaji wa zamu usiku na mchana. Kila alipokuja nilimfukuza kwa adabu, namjaza maandazi mdomoni ili asipate nafasi ya kusema. Nilikuwa nikimwambia mama yako, sisi hatutoi watoto kwa watu. Nilisema wenye kutoa ni Wazungu. Mama yako alikuwa akinyamaza, na sasa najua alikuwa ananyamaza kwa sababu alitaka kukubali, akaniogopa. Leo asubuhi, ulipokuwa bafuni, nimempigia mwenyewe kwa kile Kiingereza changu. Nikamwambia, "You come. I listen. No maandazi." Akacheka. Atakuja Alhamisi.

Lakini usije ukaondoka na wepesi ambao si wa kweli. Ameniambia orodha ni ndefu. Ameniambia pengine ni miaka. Pengine mama yako hatakuwepo, pengine mimi sitakuwepo, na hiyo nyumba huenda isiwe nzuri. Nimemuuliza kama wale watunzaji watakubali kula naye sahani moja, maana Sudi asipoona mkono wa mtu mwingine kwenye sahani yake hali, hata umpe nini. Akasema wana kanuni za usafi. Nikamwambia, basi ndugu yangu, andika hapo kwamba atakufa njaa. Akasema ataandika kwamba jambo hilo lizungumzwe. Nimefikia hapo, mke mwenzangu, kumwombea mjukuu wangu mkono wa mtu wa mshahara kwenye sahani yake. Nalia ninapoyaandika haya, na mhudumu wa hapa ameniletea tishu, anadhani ni habari ya figo.

Na mwaka kesho, mama yako akiwa na nguvu ama hana, nitakwenda mimi kwenye ile kamati. Carol ameahidi kunitafutia mkalimani. Nitamwambia yule mheshimiwa mwenye uso wa huruma kwamba mimi ndiye niliyemfanya mwalimu aandike jina la kaka yake, na kwamba kama wanatafuta wa kumwadhibu, mimi hapa, nina miguu miwili mibovu na kiti nitakuja nacho. Pengine watanisikiliza, pengine watawasha taa yao. Nitakwenda tu.

Wewe nenda Oklahoma. Chuo nimemwambia mama yako awapigie, naye amewapigia, na wamesema nafasi yako ipo, hakuna aliyeifuta, hiyo barua pepe yako ilikuwa bado haijafunguliwa. Usinune. Nimeingilia mambo yako na nitaendelea kuyaingilia mpaka nizikwe. Nenda ukajifunze hizo injini. Mimi ndege zinanitisha, nilipokuja huku nilisoma Ayatul Kursiy kutoka Dar mpaka hapa sikunyamaza, jirani yangu akaomba ahamishwe kiti. Lakini nikiwaza kwamba kuna ndege juu imefungwa nati na mtoto wangu, nadhani nitaweza kufumba macho.

Huko utapata kazi, na watajua umepata, kwa sababu watu wetu hujua mshahara wa mtu kabla benki haijajua. Ukipenda kumsaidia mtu, msaidie. Moyo wako ni mzuri na sitaki uufunge. Lakini utoe kwa sababu umetaka, na siku umechoka useme umechoka, kwa sauti, si kama mjomba wako aliyekuwa akisema "niko salama" huku anakata vidonge. Ukiugua, meza dawa nzima.

Bakari atakupigia, namjua. Atakuambia Sudi anakuita usiku, na Sudi hajawahi kumwita mtu. Atakuambia Mama kadhoofika, na hilo litakuwa kweli. Atakuambia mzigo ni wako sasa. Usibishane naye, wala usimsomee sheria, wala usimwombe msamaha. Mwambie, "Bibi amekataa." Akiuliza Bibi amekataa nini, mwambie hivyo hivyo, "Bibi amekataa." Mimi ni mzee, lawama nimeshazizoea, aniletee mimi.

Na iko siku nitakupigia mimi. Najijua. Mama yako atakuwa kalazwa, Sudi atakuwa hajala, magoti yamegoma, na hakuna mtu mlangoni. Nitakulilia. Nitakuambia rudi, mwanangu, rudi, hatuna mwingine. Nitayasema kwa sauti ambayo hujawahi kunisikia nayo, na nitakuwa namaanisha kila neno.

Siku hiyo, Nasra, hata mimi niambie: Bibi amekataa. Halafu ukate simu.

Bibi yako,
Mwanaidi